Ikilinganishwa na Nini?

Jaribio la kwanza nililolibuni mwenyewe, bila kuelekezwa na mwalimu, lilihusu miche kumi na miwili ya maharage. Nilitaka kujua kama mbolea ya maji ingeyafanya majani yake yawe mapana zaidi. Niliigawa miche hiyo makundi mawili, sita ikapata mbolea na sita ikapata maji matupu, nikayapima majani kwa rula kila asubuhi kwa wiki tatu, na namba zote nikaziandika kwa unadhifu ninaojivunia hadi leo. Miche ya mbolea ilishinda kwa mbali. Nilikuwa nimekwisha kuandika hitimisho nilipotambua kwamba kundi la mbolea lilikuwa limekaa dirishani muda wote huo, kwa sababu tu chupa ya mbolea ilikuwa karibu na dirisha na nilikuwa mvivu wa kutembea, ilhali kundi la maji lilikuwa kwenye rafu ya ukutani, upande wa kivuli. Tena, nilipokuwa nikichagua miche ya kupewa mbolea, mkono wangu ulikuwa umeelekea wenyewe kwenye ile iliyonyooka na kuchangamka.

Vipimo vyangu vilikuwa sahihi, na tofauti niliyoiona ilikuwepo kweli. Nilichokosa ni njia ya kujua imetokana na nini: mbolea, mwanga, au afya ambayo miche ile ilikuwa nayo tangu siku ya kwanza. Tena hapakuwa na hesabu yoyote, hata ile ngumu kiasi gani, ambayo ingeweza kuvitenganisha vitu hivyo vitatu baada ya jaribio kwisha. Tangu siku hiyo, kila ninaposoma kwamba jambo fulani limethibitishwa kisayansi, huwa natafuta kwanza majibu ya maswali mawili. Limelinganishwa na nini? Na ni nani aliyeamua kipi kiingie kundi lipi?

Katika mazungumzo ya kila siku, kujaribu ni kufanya kitu ili uone kitakachotokea. Katika sayansi neno hilo limebanwa zaidi: mtafiti huingilia kati kwa makusudi, akabadilisha jambo moja, akajitahidi kuyaacha mengine yote yalivyo, kisha akalinganisha matokeo na hali ambayo badiliko hilo halikufanyika. Jambo analolibadilisha huitwa kigeu huru, lile analolipima huitwa kigeu tegemezi, na wale wasioguswa na badiliko huitwa kundi la kulinganishia. Majina haya niliyakariri vizuri sana nikiwa mwanafunzi, na hayakunizuia kuiweka miche dirishani.

Sababu ya kuwa na kundi la kulinganishia ni ya msingi kuliko inavyofundishwa mara nyingi. Mtu akimeza dawa na akapona, tunachotaka kujua ni kama angepona bila kuimeza, na jambo hilo halionekani kamwe, kwa kuwa mtu mmoja hawezi kuimeza dawa na wakati huo huo asiimeze. Maradhi mengi hupoa yenyewe. Isitoshe, watu hukimbilia dawa pale hali inapokuwa mbaya kabisa, na baada ya kilele huja mteremko hata pasipo dawa, kwa hiyo karibu kila tiba huonekana kufanya kazi machoni pa aliyeitumia. Kundi la kulinganishia ni mbadala wa ile hali isiyoonekana. Linasimama mahali pa watu wale wale kama wasingetibiwa. Linaweza kusimama hapo iwapo tu watu wake wanafanana na waliotibiwa, na ugumu wote wa kubuni jaribio unatokana na sharti hilo.

Upimaji makini peke yake hautoshi, na mfano ninaoupenda zaidi ni wa mwanakemia Jan Baptist van Helmont, ambaye kazi yake ilichapishwa mwaka 1648 baada ya kifo chake. Alikausha ratili 200 za udongo, akautia chunguni, akapanda mche wa mti uitwao wilo wenye uzito wa ratili 5, akaumwagilia maji kwa miaka mitano na kuufunika udongo ili vumbi lisiingie. Mwishoni mti ulikuwa na ratili 169 na aunsi chache, na udongo, alipoukausha tena, ulikuwa umepungua kwa aunsi kama mbili tu. Akahitimisha kwamba mti ule wote umetokana na maji. Kwa wakati wake lilikuwa jaribio la hali ya juu, na lilivunja kabisa wazo kwamba mmea hula udongo kama mnyama alavyo majani. Lakini kuondoa maelezo moja hakumpi ushindi mshindani wake wa kwanza anayekujia akilini. Sehemu kubwa ya uzito wa mti hutoka kwenye kabonidayoksaidi iliyomo hewani, na kinachonishangaza ni kwamba van Helmont ndiye aliyelibuni neno gesi na kuichunguza hewa itokayo kwenye makaa. Jibu alikuwa amelishika kwa mkono wa pili, naye hakulihesabu miongoni mwa yanayowezekana.

Karne moja baadaye, mwaka 1747, tabibu James Lind alikuwa ndani ya meli ya kivita ya Uingereza iliyoitwa Salisbury, pamoja na mabaharia waliougua kiseyeye, ugonjwa wa fizi kuvuja damu na mwili kulegea uliowaua mabaharia wengi mno enzi hizo. Alichagua wagonjwa 12 ambao, kwa maneno yake, walifanana kadiri alivyoweza kuwapata, akawalaza mahali pamoja, akawapa chakula cha aina moja, kisha akawagawa wawili wawili. Jozi moja ilipewa siki, nyingine maji ya bahari, nyingine mvinyo wa matofaa, nyingine matone ya asidi ya salfuriki iliyozimuliwa, nyingine mseto wa vitunguu saumu na viungo, na moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yaliisha baada ya siku sita. Kufikia hapo mmoja wa wale wawili alikuwa tayari kurudi kazini, na mwenzake alikuwa na nafuu ya kutosha kuwauguza wengine.

Huwa tunaisimulia habari hii kama kisa cha machungwa na kuipita kasi mno sehemu ya chakula kimoja na mahali pamoja pa kulala. Hiyo ndiyo iliyoyapa matunda nafasi ya kusema lolote. Hata hivyo, Lind mwenyewe aliandika kwamba waliopewa maji ya bahari walikuwa miongoni mwa waliokuwa na hali mbaya zaidi. Yaani aliyegawa ndiye aliyekuwa akiwaona wagonjwa, na mgawanyo ukaufuata ugonjwa. Tofauti aliyoipata ilikuwa kubwa kiasi kwamba kasoro hiyo haikuharibu kitu, lakini tofauti kubwa namna hiyo ni chache sana duniani, na jaribio likibuniwa kwa kutegemea bahati hiyo, siku tofauti itakapokuwa ndogo litapotoka. Jeshi la majini la Uingereza, kwa njia, lilianza kugawa maji ya limau kwa utaratibu mwaka 1795, miaka 48 baadaye.

Lilivyopotoka jaribio moja kubwa tunaweza kuliona Uskoti, katika wilaya ya Lanarkshire, mwaka 1930. Watoto wa shule wapatao 20,000 waliingizwa katika utafiti wa kujua kama maziwa huongeza ukuaji. Watoto 10,000 walikunywa maziwa kila siku ya shule, nusu yao yakiwa mabichi na nusu yakiwa yamechemshwa kitaalamu, na 10,000 wengine hawakupewa. Walipimwa uzito na urefu mwezi Februari, na tena mwezi Juni. Idadi hiyo ingemfanya mtafiti yeyote aone wivu. Katika kila shule watoto waligawanywa kwa kura au kwa kufuata alfabeti ya majina, jambo lililokuwa jema. Kisha likaongezwa sharti dogo lililoonekana kuwa la busara: endapo kundi moja lingeonekana kuwa na watoto wengi mno walioshiba vizuri au waliodhoofika, walimu wangeweza kubadilisha baadhi yao ili kuyasawazisha.

Tunajua walimu walichokifanya kwa sababu namba zimekisema. Mwaka 1931 William Gosset, mwanatakwimu aliyekuwa akiandika kwa jina la kalamu la Student, alizichambua takwimu hizo na kuonyesha kwamba, kabla maziwa hayajanyweka, watoto wa kundi la kulinganishia walikuwa tayari wakubwa kuliko wenzao, kwa kiasi cha ukuaji wa miezi kama mitatu katika uzito na miezi minne katika urefu. Maelezo yake ni ya kibinadamu kabisa. Mwalimu anayemwona mtoto mwembamba mbele yake, na ana ruhusa ya kubadilisha majina, humpeleka mtoto huyo upande wenye maziwa. Sidhani kama mimi ningefanya vingine.

Kisha kuna suala la nguo, ambalo kwangu ndilo funzo kubwa zaidi la kisa hiki. Watoto walipimwa wakiwa wamevaa nguo zao za ndani ya nyumba. Februari ni baridi kali, Juni ni joto, kwa hiyo mtoto wa familia yenye uwezo alipimwa mara ya kwanza akiwa na mavazi mazito na mara ya pili akiwa na mepesi, na tofauti hiyo ikakatwa kwenye uzito alioongeza. Mtoto maskini, ambaye nguo za baridi hakuwa nazo, hakukatwa kitu. Kwa kuwa watoto maskini walikuwa wamerundikana upande wa maziwa, sehemu ya nguvu iliyodaiwa kuwa ya maziwa huenda ilikuwa uzito wa makoti ya watoto wengine. Zaidi ya hapo, kila shule ilipokea aina moja tu ya maziwa, kwa hiyo kulinganisha maziwa mabichi na yaliyochemshwa kulikuwa pia kulinganisha shule na shule. Watoto 20,000 hawakuweza kulitibu hata moja kati ya hayo. Wingi wa sampuli hupunguza kuyumba kwa bahati. Upotofu wa mpangilio hauguswi na wingi, bali unapewa sauti kubwa zaidi. Gosset alipendekeza kwamba jozi 50 za mapacha wa kufanana, mmoja wa kila jozi akipewa maziwa kwa kura, zingetoa jibu la kutegemewa zaidi kwa sehemu ndogo tu ya gharama.

Kura hiyo, au bahati nasibu, ndiyo dawa iliyopatikana dhidi ya mkono unaochagua. Aliyeipa msingi wa kihisabati ni mwanatakwimu Ronald Fisher, aliyeanza kazi mwaka 1919 katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, ambako mashamba yalikuwa na rutuba isiyolingana kutoka hatua moja hadi nyingine. Unaweza kusawazisha mambo unayoyajua: mwanga, umri, uzito wa mwanzo. Yale usiyoyajua huwezi kuyasawazisha kwa makusudi, kwa kuwa hujui pa kuyatafuta. Sarafu inayorushwa haiyajui pia, na kwa sababu hiyo haiwezi kuyapendelea. Huyatawanya pande zote mbili, na kadiri washiriki wanavyoongezeka ndivyo pande hizo zinavyokaribia kufanana hata katika mambo ambayo hakuna aliyeyawaza. Pakibaki tofauti, ni ile ya bahati, na bahati ina hesabu zake. Ndiyo maana napata mashaka ninaposikia mtu akisema aligawa makundi bila mpangilio maalumu, akimaanisha kwamba alichukua tu aliyekuwa karibu. Aliye karibu huwa karibu kwa sababu fulani.

Mfano mashuhuri wa mwanzo katika tiba ni jaribio la dawa ya streptomaisini dhidi ya kifua kikuu, lililochapishwa Uingereza mwaka 1948 na ambalo mwanatakwimu wake alikuwa Austin Bradford Hill. Dawa ilikuwa haba mno nchini humo kiasi kwamba isingewatosha wagonjwa wote, na kura ikawa pia njia ya haki ya kuigawa. Namba za bahati nasibu zilifungiwa ndani ya bahasha, ili daktari anayempokea mgonjwa asijue mapema ataangukia upande gani. Bahasha hizo ni jibu kamili kwa walimu wa Lanarkshire. Baada ya miezi sita, wagonjwa 4 kati ya 55 waliopewa dawa walikuwa wamefariki, ikilinganishwa na 14 kati ya 52 waliopewa mapumziko ya kitandani pekee, yaliyokuwa matibabu ya kawaida ya wakati huo. Wataalamu waliosoma picha za eksirei za mapafu hawakuambiwa ni za nani.

Hilo la kutoambiwa linastahili maneno yake. Mjini Berlin, mwanzoni mwa karne ya 20, farasi aliyeitwa Hans alisifika kwa kufanya hesabu, akijibu kwa kugonga kwato. Mwenye farasi hakuwa tapeli. Mwanasaikolojia Oskar Pfungst, aliyetoa ripoti yake mwaka 1907, alifanya jambo rahisi: alipanga baadhi ya maswali yaulizwe na mtu asiyejua jibu, na baadhi yaulizwe farasi akiwa hamwoni muulizaji. Uwezo wa Hans ukatoweka. Alikuwa akiusoma mwili wa muulizaji, ambao bila muulizaji kujua ulilegea pale hesabu ya kwato ilipofika panapotakiwa. Ikiwa matarajio yetu humfikia farasi bila sisi kujua, basi humfikia mgonjwa, na hata mkono wetu wenyewe unaposoma rula iliyo kati ya mstari na mstari. Hivyo dawa hulinganishwa na dawa bandia inayofanana nayo kwa rangi na ladha, na inapowezekana mgonjwa hajui amepata ipi, wala anayempima hajui.

Kuna uamuzi mwingine wa mapema ambao wasomaji wengi huupita: nini hasa kipimwe. Katika miaka ya 1980 watu waliopatwa na mshtuko wa moyo, na ambao mapigo yao yalikuwa na hitilafu ndogo ndogo, walikuwa wakipewa dawa za kuyatuliza. Mantiki ilikuwa nzuri, kwa kuwa wenye mapigo ya namna hiyo hufa zaidi, na dawa kweli ziliyatuliza. Marekani ilipofanyika hatimaye hesabu ya waliokufa, badala ya hesabu ya mapigo, walikuwa wamekufa watu 63 kati ya 755 waliopewa dawa mbili kati ya hizo, na 26 kati ya 743 waliopewa dawa bandia. Sehemu hiyo ya utafiti ilisimamishwa mwaka 1989. Kipimo rahisi kilikuwa kimepanda cheo kikachukua nafasi ya kipimo chenyewe.

Kuhusu bahati na hesabu zake, Fisher alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1935 jaribio la mwanamke aliyedai kwamba akionja chai anaweza kujua kama maziwa yametangulia kutiwa kikombeni au yamefuata. Apewe vikombe 8, vinne vya kila aina, kwa mpangilio wa kura, na aambiwe achague vinne. Kuna njia 70 za kuchagua vinne kati ya vinane, na moja tu ni sahihi kabisa, kwa hiyo asiye na kipaji chochote angefaulu mara moja katika mara 70. Vikombe vingekuwa sita, angefaulu kwa kubahatisha mara moja katika 20. Idadi ya vikombe, basi, huamuliwa kwanza, kwa kujiuliza ni mshangao wa kiasi gani utakaotosha kutushawishi.

Namba ya moja kati ya 20, yaani 0.05, imegeuka kuwa mlango wa desturi katika majarida mengi ya utafiti, na hapa kuna kosa la kusoma ambalo hata waliosoma sana hulifanya. Namba hiyo hueleza jinsi matokeo kama haya yangekuwa nadra endapo kusingekuwa na athari yoyote. Haielezi uwezekano wa dhana kuwa kweli, wala ukubwa wa athari. Tena hudumu na maana yake iwapo tu swali lilikuwa moja. Mtu akipima mambo 20 yasiyohusiana, ambayo hakuna hata moja lenye athari, ana uwezekano wa asilimia 64 wa kuvuka mlango huo angalau mara moja, na akituonyesha hilo moja tu, hatutaweza kuona udanganyifu ndani ya ukurasa. Ndiyo sababu baadhi ya watafiti sasa husajili hadharani, kabla ya kuanza, watakachopima na jinsi watakavyokichambua. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilichapisha matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Za awali, asilimia 97 zilikuwa zimevuka mlango. Za marudio, asilimia 36. Sioni hapo ushahidi kwamba saikolojia ni uongo. Naona tu jinsi jaribio moja lilivyo shahidi mmoja.

Matokeo ya kutokuona tofauti nayo yanahitaji usomaji wake. Sabuni ikipimwa juu ya bakteria na pasiote kitu upande wowote, huenda bakteria wenyewe walikuwa wamekufa kabla. Watu wa maabara huweka sahani ya ziada ambayo wana hakika lazima iote, ili kujua kama jaribio lao lilikuwa na uwezo wa kuona kitu chochote. Sampuli ndogo ina udhaifu huo huo, na kuiponya ni ghali: ili kuyumba kwa wastani kupungue nusu, inabidi washiriki waongezwe mara nne.

Miaka mingi baadaye niliirudia miche yangu. Safari hii ilikuwa 48, mara nne ya ile ya kwanza, kila mmoja na namba yake chini ya kikopo, sarafu ikiamua nani apate mbolea. Yote ilikaa dirishani, na kila siku nilibadilisha nafasi za vikopo kwa kura. Niliandika kwenye karatasi, kabla sijatia tone la kwanza, kwamba ningepima upana wa jani la tatu siku ya 21 na si jingine lolote. Rafiki yangu ndiye aliyepima, bila kujua namba zipi ni za mbolea. Tofauti ya wastani ilitoka milimita mbili, kwa faida ya mbolea, ilhali ndani ya kundi moja jani pana zaidi lilizidi jembamba zaidi kwa sentimita tatu. Rafiki yangu aliniuliza kama majani ya nne hayakuonekana kutofautiana zaidi. Yalionekana hivyo, hata kwangu. Tulipokwisha kuyatazama kwa muda, nilikunja rula na kuandika milimita mbili.